CHAKULA CHA FARASI WA MASHINDANO: ILIMU NA AMANA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba wanyama na kututiishia, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na Ali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba Rauh bin Zinbaa alikwenda kumzuru Sahaba Tamim ad-Dari (r.a.), akamkuta anachambua shayiri ya farasi wake, na watu wa nyumba yake wamemzunguka. Mgeni alistaajabu, akauliza kama hapakuwa na mmoja katika hao wa kumfanyia kazi ile. Tamim akajibu kuwa wapo, lakini yeye amemsikia Bwana Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa Mwislamu amsafishiaye farasi wake shayiri, kisha akamtundikia ale, huandikiwa jema kwa kila punje.

Huenda msomaji akasema: sisi watu wa pwani tuna nini na farasi? Mnyama wetu ni punda. Subiri, ndugu yangu, kwa punda tutafika. Kwanza tutazame wazee wetu katika dini walivyomlisha farasi wa kushindana, kwani ndani yake mna ilimu kubwa.

Bwana Mtume (s.a.w.), alipokuwa Madina baada ya Hijra ya mwaka 622, alishindanisha farasi. Khabari hii imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, na msimulizi wake ni Abdalla bin Umar (r.a.), ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopanda. Farasi waliokwisha kutayarishwa walikimbizwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili 5 au 6 au zaidi kidogo, kwa ikhtilafu ya wapokezi. Wale ambao hawakutayarishwa walikimbizwa kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili 1 hivi. Ibn Umar alikuwa katika hawa wa pili, na katika mapokezi ya Muslim anasema kuwa alitangulia, na farasi wake akaruka naye msikitini.

Kutayarishwa huko kwa Kiarabu huitwa tadhmir. Maulamaa wameueleza hivi: farasi hulishwa kwa wingi mpaka anenepe na kupata nguvu. Kisha chakula hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kibaki cha kumtosheleza tu. Huingizwa bandani, akafunikwa matandiko, akatoka jasho; likikauka nyama yake hukazana, mafuta yakapungua, pumzi ikawa ndefu. Wanalugha wametaja kuwa muda wake ni siku 40, na muda wenyewe, pamoja na uwanja wa kukimbilia, huitwa midhmar.

Tazama basi hekima iliyomo. Siri ya farasi wa mbio ndefu haikuwa kumjaza tumbo siku ya kuamkia mashindano. Ilikuwa ni kipimo na wakati: kwanza akiba, kisha upungufu wa taratibu. Tazama na uadilifu wake: aliyelishwa na kuzoezwa alipewa mwendo mrefu, na asiyetayarishwa akapewa mfupi. Hakuna aliyedaiwa nguvu asizopewa.

Mambo haya ilimu ya leo inayaunga mkono kwa sehemu kubwa. Farasi ni mnyama mkubwa mwenye tumbo dogo. Tumbo lake huchukua lita 8 mpaka 15 tu, wala hawezi kutapika. Mwenyezi Mungu amemuumbia utumbo mpana ambamo vijidudu huyavundisha majani na kuyageuza kuwa nguvu. Kwa hiyo asili ya chakula chake ni majani, kidogo kidogo mchana kutwa. Farasi wa kilo 450 huhitaji kilo 7 mpaka 9 za majani makavu kwa siku. Nafaka ni nyongeza kwa ajili ya kazi, na haifai kuzidi kilo 2 hivi kwa mlo mmoja. Ikizidi hufika utumbo mpana haijasagika, ikachachuka, na farasi akapatwa na msokoto wa tumbo au maradhi ya kwato, naye huweza kufa.

Katika Ulaya ya karne ya 19 farasi wa mikokoteni walipumzishwa Jumapili lakini wakapewa shayiri ileile ya siku za kazi. Jumatatu wakitiwa kazini misuli yao ilikakamaa, wasiweze kwenda. Maradhi hayo yakaitwa kwa jina la siku hiyo. Shibe bila ya kazi iliwaangusha wanyama wenye nguvu.

Katika jambo la jasho, wataalamu wa leo wanatuzidi. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu, na katika joto huweza kupoteza lita 10 na zaidi kwa saa. Ndiyo maana hawamtoi jasho tena kwa kumfunika. Humzoeza mwendo kwa daraja, wakampa maji na chumvi. Katika nchi za Ghuba kuna mashindano ya kilomita 160 kwa siku moja. Farasi wa safari hiyo hutegemea majani mengi na mafuta kidogo katika chakula chake kuliko rundo la nafaka. Na kila baada ya masafa fulani daktari wa wanyama humpima mapigo ya moyo na mwendo. Akionekana amechoka kupita kiasi au anachechemea, hutolewa.

Wala chakula hakikuwa kimoja kila mahali. Mabedui wa Najd waliwapa farasi wao maziwa ya ngamia na tende palipokosekana malisho. Ibn Battuta, aliyetembelea Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331 kisha akavuka kwenda Dhofar, ameandika kuwa huko wanyama hulishwa samaki wadogo mfano wa dagaa, na kwamba farasi wazuri hupakiwa hapo kupelekwa Bara Hindi. Na katika Misri, Abu Bakr bin Badr, mganga wa farasi wa Sultan an-Nasir Muhammad bin Qalawun aliyefariki mwaka 1341, alitunga kitabu kikubwa juu ya utunzaji na tiba zao. Waislamu hawakuona haya kulifanya banda la farasi kuwa darasa.

Lakini sharia iliweka mpaka. Mashindano yaliruhusiwa kwa kuwa ni mazoezi yenye manufaa. Kamari ikabakia haramu. Na ngamia jike wa Mtume, al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi, siku moja alipitwa na ngamia wa bedui. Sahaba waliona uzito, Bwana Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha.

Sasa tumrejee punda wetu. Lamu humkimbiza siku za furaha, watu wakampigia makofi. Je, siku nyingine zote? Ni wangapi humtwisha mawe tangu asubuhi, kisha wakamwacha juani bila ya maji, jioni akatafute maganda jalalani? Wakumbuke ngamia wa yule Mwansari wa Madina, aliyemlilia Bwana Mtume (s.a.w.) machozi, na mwenyewe akaambiwa amche Mungu juu ya mnyama huyo, kwani amemshtakia kuwa humtia njaa na kumchosha.

Anayedai nguvu za mnyama na alipe kwanza deni la tumbo lake: maji, majani, chumvi na mapumziko. Tamim (r.a.) alikuwa na wa kumtumikia, lakini punje zile alizichambua kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq.