Uhuru ya Malindi na nyota inayokatika

Nimekuwa kimya, programu ya mteja mmoja ilinibana: kila baada ya muda uleule data zilikatika, kisha zikarudi zenyewe. Nikihangaika nayo hapa Machakos, nikakumbuka kisa cha pwani yetu ambacho shuleni hakuna aliyewahi kunisimulia.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitalia walirusha setilaiti ya NASA kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kule NASA, akaipa jina Uhuru. Ndiyo, neno letu hilihili! Malindi ilichaguliwa kwa kuwa iko jirani na ikweta. Pale dunia yenyewe huisukuma roketi kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, bila malipo.

Uhuru ilikuwa darubini ya miale ya eksrei. Miale hiyo ikitoka kwenye nyota haifiki ardhini, hewa huimeza, kwa hiyo lazima chombo kipande juu ya hewa.

Sasa sikieni habari ya Centaurus X-3. Miale yake ilipiga kila sekunde 4.8 kama moyo, halafu ikakatika. Baada ya karibu nusu siku ikarudi. Baadaye ikakatika tena. Mimi ningelaumu chombo. (Ya mteja wangu ilikuwa bekapu tu.) Lakini Riccardo Giacconi na wenzake waliona kukatika kunajirudia kila siku 2.087, na, hapa ndipo patamu, mapigo nayo yaliwahi na kuchelewa kidogo kwa mzunguko huohuo wa siku 2.087. Hitilafu gani ingeigiza mambo yote mawili? Kitu kile kilikuwa kinazunguka nyota kubwa. Kikitujia mapigo yanabanana, kikienda yanaachana, kikipita nyuma ya nyota kinazibwa. Walichapisha mwaka 1972, na mwaka 2002 Giacconi akapata Nobel ya fizikia.

Mwaka 1999 wanajimu waliona nyota HD 209458 ikififia kwa kama asilimia 1.5, sayari yake ikipita mbele. Wazo ni lile la kuzibwa, ila kinachopungua ni kidogo mno. Tazama nyota usiku juu ya milima ya Iveti: zinametameta, na kosa si lao, ni la hewa. Kutoka ardhini inawezekana, ukilinganisha na nyota jirani, lakini mvuke wa maji bado huficha sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi. Ndiyo maana NASA na Wajerumani walitoboa ubavu wa Boeing 747SP na kuweka humo kioo cha mita 2.7. Ndege hiyo, SOFIA, ilipanda zaidi ya kilomita 12, na tarehe 1 Oktoba 2013 ikapima sayari ya HD 189733 ikipita mbele ya nyota yake. Ilistaafishwa mwaka 2022.

Na San Marco? Roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Setilaiti yetu Taifa-1, Aprili 2023, ilirushwa kutoka California.