Waliofukuzwa kwa Kusali

Mwaka 1941 chuo cha wachungaji cha Bishop Tucker, kule Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo. Kosa? Eti waliamka alfajiri na mapema kusali, wakawahubiria wenzao toba, na walipokatazwa hawakukoma. Hebu fikiria, msomaji: chuo cha dini!

Hawa walikuwa Balokole, yaani waliookoka. Waliona mafundisho ya darasani yanaufifisha msalaba. Wakubwa wakawaona wana kiburi, na pengine baadhi walikuwa nacho kweli. Lakini wengi wao hawakukimbilia kuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani ya Kanisa lile lile la Anglikana, wakihubiri msalaba kwa wale wale waliokwisha kuwachoka.