Bima ya afya kwa wote: Aliyekwishaugua atakatiwa bima na nani?

Mkazi wa Mtendeni, Manispaa ya Tabora, mwenye kisukari au figo zilizofeli akitaka bima binafsi, ataulizwa mapema: unaumwa nini? Akisema ukweli anaweza kukataliwa, kutozwa zaidi, au kupewa bima isiyogusa ugonjwa huohuo unaomsumbua.

Kwa nini anakataliwa?
Bima ni michango ya wengi inayowatibu wachache wanaougua. Wakijiunga wagonjwa watupu, fedha zinaisha. Si roho mbaya, ni hesabu.

Mfuko wa umma je?
Hesabu hiyo haiukwepi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanza kazi 2001, ulikuwa na Toto Afya Kadi ya Sh50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walisubiri mtoto augue ndo wakate kadi. Matumizi yakazidi michango, na 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa.

Tabora inalijua hili
Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio Igunga, mkoani Tabora, 1996. Kujiunga kulikuwa hiari. CHF iliyoboreshwa ya 2018 ilitoza kaya ya watu hadi sita Sh30,000 kwa mwaka, bila kujali nani anaumwa. Ila matibabu yake yaliishia hospitali ya mkoa, kwa hapa ni Kitete. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Bugando au Ocean Road, CHF haikumgharamia.

Sheria inasemaje?
Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, ili mzima amchangie mgonjwa. Wasio na uwezo watalipiwa na mfuko maalumu unaotegemea, pamoja na vingine, kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Wengine wamefanyaje?
Kenya, tangu Oktoba 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara: unachangia kwa kipato, si kwa ugonjwa. Marekani iliacha kampuni binafsi ziendelee, lakini tangu 2014 haziruhusiwi kumkataa mtu mzunguko wa bima binafsi wa kawaida kwa sababu ya ugonjwa alionao.

Ubishi uko wapi?
Wanaotetea bima binafsi wanasema huduma zake ni za haraka na mtu anachagua mwenyewe. Kweli, kwa mwenye afya na fedha. Kwa aliyekwishaugua, hiari ya kampuni ndo inayomfungia mlango. Lakini hata bima ya lazima haina maana kama kadi ipo na dawa hakuna.

Kabla hujalipa, uliza:
- Ugonjwa nilionao unagharamiwa?
- Nitasubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa?
- Kadi inafika hospitali ipi?

Na usifiche ugonjwa kwenye fomu. Ukigundulika, unaweza kunyimwa malipo siku unayoyahitaji zaidi.