Watambuzi wa Ndege za Kale

Burudani ya kutambua ndege za kale zilizo adimu, ambayo leo huwakutanisha marafiki juu ya picha moja iliyofifia, asili yake ni hofu ya vita. Kwani huko Uingereza, mnamo Desemba 1939, marubani wa Spitfire waliziangusha ndege mbili aina ya Hampden za jeshi lao wenyewe, wakizidhania kuwa za adui. Wala si ajabu, maana Hampden na ndege ya adui aina ya Messerschmitt 110 zote zilikuwa na injini mbili na mapezi mawili mkiani, na mwenye kutazama kwa haraka asingebaini kwamba kiwiliwili cha Hampden hukonda ghafla nyuma ya mabawa. Ndipo ilipodhihiri haja ya elimu ya kutambua ndege: gazeti la The Aeroplane Spotter likaanza kutolewa Januari 1941, likichapa vivuli vyeusi vya ndege, na raia, wakiwamo vijana wengi, wakashindana kuvitambua. Gazeti lilikoma mwaka 1948, lakini shauku haikukoma. Na kwa rai yangu ni shauku yenye heshima, kwa kuwa huhifadhi majina ya ndege ambazo pengine iliundwa moja tu, kisha ikavunjwa. Basi msomaji mwenye picha ya zamani ya ndege asiitupe, bali aandike nyuma yake mahali na mwaka ilipopigwa.