Bakuli la Tambi, Sanduku la Alumini na Keria ya Bodaboda

Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walipobuni pikipiki ndogo ya watu wa kawaida katika miaka ya 1950, sharti mojawapo lilitoka mgahawani. Kijana anayepeleka tambi za soba majumbani alipaswa kuweza kuiendesha kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeshika sinia. Super Cub ilipotoka mwaka 1958 haikuwa na klachi ya mkononi. Klachi yake ilishika na kuachia yenyewe kufuata mzunguko wa injini, gia zilibadilishwa kwa mguu, na swichi ya indiketa iliwekwa upande wa kulia. Mkono wa kushoto ukaachiwa mchuzi.

Wajapani hawakuishia hapo. Baadaye nyuma ya pikipiki za migahawa yao ilifungwa mashine ya ajabu kidogo kuitazama: jukwaa dogo lililoning'inizwa kwenye springi, likibembea nyuma ya kiti. Pikipiki ikilala kwenye kona, jukwaa linajisawazisha. Breki zikikamatwa ghafla, jukwaa linapepea mbele kisha linarudi. Supu haimwagiki. Mpaka leo ukitembea Tokyo unaweza kuiona imeegeshwa nje ya mgahawa, nami sijaona kifaa kingine cha kubebea mzigo kilichojibu swali gumu kwa vyuma vichache namna hiyo.

Ni mfano wa kukumbukwa kwa sababu kwa kawaida viwanda hufanya kinyume chake. Pikipiki hutengenezwa kwanza, ikapendezeshwa, ikapigwa picha. Suala la mzigo utapanda wapi huachwa kwa mnunuzi na duka la vipuri. Lakini Super Cub, chombo chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote duniani, ambacho kilifikisha milioni 100 mwaka 2017, kiliuanza mchoro wake kwa mzigo.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Huko mwenye pikipiki na mwenye mzigo ni mtu mmoja, na mzigo wenyewe ni nguo zake, hema na jiko la kambini. Giuseppe Visenzi, Mwitaliano aliyewahi kushindana kwenye mbio za dunia, alianzisha kampuni ya Givi mwaka 1978 karibu na Brescia. Alichokuza ni sanduku gumu linalojifunga kwenye bamba lake kwa mlio mmoja na kuchomolewa kwa ufunguo ule ule unaolifungua. Haliingizi maji, na ukifika hotelini unapanda nalo chumbani. Kwa wasafiri wa jangwani likaja sanduku la alumini lenye pembe kali, ambalo leo limekuwa kama sare: pikipiki ya safari isiyo nalo huonekana haijavaa.

Soma maandishi madogo ya watengenezaji wa masanduku haya na utakuta mipaka. Mara nyingi sanduku la nyuma huruhusiwa kubeba kilo 10, na mwendo usizidi kilomita 120 kwa saa. Kilo 10! Bodaboda wa Mbagala hauiti huo mzigo. Hata hivyo mpaka huo una sababu. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hufanya kazi ya nyenzo: unakandamiza nyuma na kuinua mbele. Gurudumu la mbele likipungukiwa na uzito, usukani huanza kutetemeka mwendo ukikolea. Dereva wa mkaa anayeingia Dar es Salaam kutoka upande wa Kisarawe anaijua kanuni hiyo bila kuisoma popote. Ndiyo maana humkuti kwenye kiti. Amesogea mpaka juu ya tangi, kifua kimeinamia usukani, kwa sababu magunia yameshachukua nafasi yake na mwili wake ndio jiwe la mizani linalozuia mbele kupaa.

Kwetu mwenye mzigo yuko kwingine. Yuko sokoni anasubiri, au amekwishatangulia kwa daladala. Dereva hajui asubuhi atabeba nini jioni: kreti za soda, mtungi wa gesi, mbuzi, mlango wa chuma, godoro la futi tano kwa sita. Sanduku lenye umbo moja lingemnyima riziki. Anachohitaji ni uwanja, na huo huchongwa na fundi wa kuchomelea. Keria ya kiwandani hupanuliwa kwa bomba au nondo, hushushiwa miguu miwili mpaka karibu na ekseli, na wengine huongeza springi pembeni ya shokapu ili zisilale. Kinachofunga ni mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mpira huo una sifa ambayo kamba ya katani haina: mzigo ukishuka na kujipanga kwa sababu ya mashimo ya barabara, mpira unaufuata na kuendelea kuubana.

Wabeba maziwa wa Kenya na Uganda wana utaratibu wao, ambao kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote tuliyonayo. Mitungi ya alumini huning'inizwa pande zote mbili, chini, karibu na gurudumu, si juu ya keria. Uzito unakaa karibu na ardhi na upande wa kushoto unalingana na wa kulia. Mhandisi yeyote wa Ulaya angekubali mchoro huo.

Lakini tusiyapambe. Gunia la nne halipandi kwa sababu keria imelibeba vizuri. Linapanda kwa sababu nauli ya magunia matatu haitoshi. Keria ile ile ya nondo ndiyo inayobeba mshikaki wa abiria watatu, na breki za pikipiki ya cc 125 hazikukusudiwa kusimamisha hesabu hiyo kwenye mteremko. Pale Ulaya kampuni huandika kilo 10 kwa kuwa pia inaogopa kushtakiwa. Hapa hakuna aliyeandika namba yoyote kwenye keria, na mwenye kuvunjika ni dereva. Vietnam, ambako pikipiki hubeba kila kitu kuanzia nguruwe mpaka samaki wa mapambo kwenye mifuko ya maji, sheria imejaribu kukata shauri kwa vipimo: mzigo usizidi keria kwa sentimita 30 kila upande wala sentimita 50 kwa nyuma. Kipimo cha namna hiyo, ambacho askari anaweza kukikagua kwa futi kamba, kina maana kuliko amri ya jumla ya kukataza kuzidisha.

Kinachochekesha ni kwamba Wazungu wanarudi kwenye mpira. Miaka hii wasafiri wa njia za vumbi wanayaacha masanduku ya alumini na kununua mifuko laini isiyopitisha maji, kwa sababu pikipiki ikianguka mchangani sanduku gumu linaweza kuubana mguu na kuuvunja. Mifuko hiyo hufungwa kwa mikanda, mingine ya mpira yenye bizimu nadhifu, na huuzwa kwa bei ambayo mkata tyubu wa Kariakoo angeomba irudiwe kutajwa. Upande wa pili, BMW ilipotoa R 1300 GS mwaka 2023 iliiandalia masanduku yenye taa ndani, sehemu ya kuchaji simu na kufuli linalofungwa pamoja na pikipiki. Ufundi safi, ila ni ufundi wa kumhudumia mtu anayelala hotelini.

Umeme umelifufua swali la Honda kwa namna ambayo yeye mwenyewe hangeitarajia, kwa sababu sasa betri nayo ni mzigo. India mashindano ya skuta za umeme yamegeuka kuwa mashindano ya nafasi chini ya kiti. Kampuni ya Ola ilijitangaza mwaka 2021 kwa lita 36, na mwaka 2024 Ather ya Bengaluru ikaleta Rizta, skuta ya familia yenye lita 34 chini ya kiti na mfuko wa hiari wa lita 22 mbele. Honda ilipoonyesha skuta yake ya Activa ya umeme mwaka huo huo, betri zake mbili za kubadilishana zilikaa pale pale ambapo mama wa Kihindi huweka mboga. Kampuni iliyoacha mkono mzima kwa ajili ya bakuli la tambi ikasahau kikapu!

Kigali jambo hili halina mzaha. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria mjini humo hazisajiliwi isipokuwa za umeme. Kampuni kama Ampersand na Spiro humwezesha dereva kufika kituoni, kuchomoa betri iliyokwisha, kupachika iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Betri ni mali ya kampuni. Kila kilo inayoongezwa nyuma, hasa kwenye milima ya Kigali, inakula chaji, kwa hiyo mzigo unalipiwa mara mbili: na mteja kwa nauli, na dereva kwa chaji. Nairobi nako kampuni ya Roam inaunda pikipiki zake humo humo mjini, na nguvu zake za kubeba ni sehemu ya biashara inayotangazwa.

Fundi wa kuchomelea sasa ana tatizo jipya. Pikipiki ya petroli humvumilia; ya umeme ina kompyuta ndogo ya kuongoza mota, na mkondo wa mashine ya kuchomelea ukipita mahali pasipostahili, kompyuta hiyo inaungua. Inabidi betri ichomolewe na nyaya zitenganishwe kwanza, na mara nyingi betri na mkopo wa pikipiki viko mikononi mwa watu ambao hawakumtuma afanye kazi hiyo. Dereva wa mkaa hataacha kupanua keria kwa sababu hiyo. Kwa hiyo viwanda vya Nairobi na Kigali vinapaswa kutoa fremu zenye matundu ya bolti tayari, chini karibu na ekseli pale wauza maziwa walipokwisha kuonyesha, pamoja na namba ya kilo iliyogongwa kwenye chuma, ili fundi afunge keria kwa spana bila kuwasha mashine yake.