Ijumaa ya mdogo wangu

Hesabu siku za wiki kwa Kiswahili uone zinaanzia wapi. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, na kuendelea hadi Jumatano, siku ya tano. Hesabu inaanza pale Ijumaa inapomalizika. Kisha inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu na Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina siku ya tano mara mbili, na ya sita haimo. Karne na karne watu wa pwani wameishi na hesabu hiyo bila kusumbuka, maadamu Ijumaa iko mahali pake.

Mimi na mdogo wangu tunaishi Ng'ambo, mjini Unguja, katika nyumba aliyotuachia mama. Yeye anafanya kazi katika hoteli moja ya ufukweni, na mapumziko yake hufuata ratiba ya zamu. Mara Jumanne, mara Jumapili. Ijumaa humwangukia mara chache kwa mwaka. Ikimwangukia, hatuendi popote. Asubuhi yeye humenya mbatata na kukata vitunguu, mimi natwanga bizari nyembamba, iliki na thomu. Pilau tunaipika uani kwenye seredani, na maji yakikauka tunaipalia makaa juu ya kifuniko. Karafuu natia nne tu.

Karafuu hizo nne zimetoka mbali. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake hapa kutoka Maskati, akahimiza upandwe kwa wingi. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi. Kila punje inapita mikononi mwa mtu, na katika karne hiyo mikono hiyo ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara.

Katika mashamba hayo Ijumaa ilikuwa na maana nyingine. Desturi ya Unguja ilikuwa mtumwa amfanyie bwana wake kazi siku tano. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake. Alilima kipande chake cha muhogo, akala, na kilichozidi akauza. Tusiipambe desturi hii. Utumwa ulikuwa utumwa, na siku hizo mbili zilimwondolea bwana mzigo wa kulisha watu wake. Hata hivyo, ndizo siku ambazo jasho la mtu lilirudi kwenye chungu chake mwenyewe. Nadhani alizilinda kwa wivu kuliko tunavyolinda sisi likizo zetu.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria hapa Unguja. Wengi walikuja mjini, wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotutenga na Mji Mkongwe kabla haujafukiwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu vya kuuza, alihamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Watu wa mitaa hii walitaka mshahara na nyumba, na walitaka pia muda: jioni ya kusikiliza taarabu, saa ya kuvaa kanga mpya na kutembeleana.

Ndiyo maana siwezi kuyaita madogo mambo yetu ya Ijumaa. Mdogo wangu akirudi msikitini anavua kanzu, anakaa kwenye mkeka, na tunaanza ugomvi wetu wa tangu utotoni: nani apate ukoko. Mama alikuwa akiugawa kwa kisu, sawasawa. Sasa kila mtu anachota kwa kijiko chake, na mwenye mkono mwepesi ndiye anayekula.

Ijumaa iliyopita simu yake iliita sufuria likiwa katikati yetu. Nilimsikia msimamizi wake: wageni wamezidi, aje japo kwa zamu ya jioni. Mdogo wangu ana mkataba wa miezi sita, na unakaribia kwisha. Alinitazama. Mimi nikatazama mkeka; sikutaka jibu litoke usoni mwangu.

"Leo nipo nyumbani, bosi," alisema. "Kesho alfajiri nitafika."

Hatukulizungumza. Nilitia chai ya tangawizi, akawasha redio, akalala pale pale chini, mkono juu ya macho, mpaka adhana ya alasiri. Ukoko uliobaki nilimwachia.