Safari ya Siku Moja: Kutoka Bariadi hadi Bujora

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Likizo iliyopita baadhi yetu tulikodi gari, tukachukua na wanafunzi wanane, tukaondoka Bariadi alfajiri kwenda kutazama mambo ya kale.

Tulipofika Lamadi tulishika barabara ya Mwanza, tukasimama kwanza Nassa, wilayani Busega. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walikuwa na kituo hapo tangu karne ya 19, na mwaka 1909 kikakabidhiwa Africa Inland Mission. Basi mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza, una historia ndefu kuliko jina lake.

Adhuhuri tulikuwa Bujora, karibu na Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Kanisa la hapo ni la mviringo, mfano wa msonge. Banda la watemi nalo limejengwa kwa umbo la kiti cha ntemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini kiti kimebaki kimesimama, kikubwa kama nyumba.

Hapo mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mzee, mbona sisi Wanyantuzu hatuna majengo ya kale?"

Nilinyamaza kidogo. Majengo tulikuwa nayo. Lakini msonge ni miti, udongo na nyasi. Huishi kwa kuezekwa upya. Mwenyewe akiacha kuuezeka, mvua haimsubiri. Wa babu yangu haukuanguka kwa mvua. Tuliubomoa sisi wajukuu mwaka 2009, tukajenga nyumba ya bati. Siijutii bati. Ninachojutia ni kwamba hatukupiga hata picha moja, wala hatukumwuliza bibi ni nani aliyeuezeka na kitanda kilikaa upande gani. Bibi naye hayupo tena. Umebaki ua wa minyaa tu.

Nilimweleza kijana yule hayo yote, naye akayaandika daftarini.

Ndugu zangu, hatuna budi kufanya kama yeye. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja kijijini kwake, apime nyumba moja, aulize majina, aandike. Tukikutana tena, tusomeane.